Trai ya mstarini: refa alikuwa wapi?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa michezo katika skuli ya sekondari huku Wete, Pemba. Tumewaanzishia vijana raga ya wachezaji saba, na wiki iliyopita tulikutana na wenzetu wa Chake Chake. Dakika ya mwisho kijana wetu alikabwa hatua moja kabla ya mstari wa goli, akaanguka, akanyoosha mkono akauweka mpira juu ya mstari. Beki alikuwa kalala naye pale chini na mkono wake umeingia chini ya mpira. Refa, aliyekuwa nyuma ya wachezaji, alipiga filimbi akatoa trai, yaani alama zinazopatikana mpira ukiwekwa chini kwenye eneo la goli la wapinzani, tukashinda. Wenzetu wana hoja tatu: mpira haukuvuka mstari, uliishia juu yake, mchezaji akishakabwa haruhusiwi kuusogeza mpira tena, na mkono wa beki uliuzuia mpira usiguse ardhi. Wana na video ya simu iliyopigwa kutoka nyuma ya goli, wanatuonesha mpira haujafika. Ile ilikuwa trai au si trai? Na kama si trai, mechi irudiwe?

Jibu: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nianze na la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kuharibu ujirani: mechi hairudiwi. Sheria za raga zinamfanya refa kuwa mwamuzi pekee wa kilichotokea kiwanjani, na wa sheria yenyewe, muda wote mchezo unapoendelea. Akishatoa trai na mechi ikamalizika, matokeo yamesimama. Lakini uamuzi kusimama ni jambo moja na uamuzi kuwa sahihi ni jambo jengine, na wewe umeuliza kuhusu usahihi. Nitakujibu hoja kwa hoja, kisha nitakwambia kwa nini naona kiini cha kesi yenu kimo katika maneno machache uliyoyapita haraka: "aliyekuwa nyuma ya wachezaji".

Hoja ya kwanza haina uzito, na najua inatoka wapi. Sote huku tumekulia kwenye mpira wa miguu. Mtoto wa Wete au wa Ng'ambo hajajua kusoma lakini anajua kwamba goli halihesabiwi mpaka mpira mzima uvuke mstari. Akija kutizama raga anakuja na macho yale yale, akiona mpira umeishia juu ya mstari moyo wake unamwambia bado. Kwenye raga mstari wa goli ni sehemu ya eneo la goli, yaani ile ardhi iliyo nyuma yake ambamo trai hufungwa. Ncha ya mpira ikigusa mstari huku mshambuliaji kaushika, trai imekamilika. Sentimita moja inatosha, na huo mpira wote uliobaki unaweza kuwa upande wa kiwanjani.

Mstari wa pembeni nao umegeuka. Kwenye kandanda mpira ulio juu ya mstari wa pembeni bado umo ndani. Kwenye raga mstari huo ni nje, na mchezaji aliyebeba mpira akiugusa hata kwa ncha ya kidole cha mguu ametoka. Kwa hiyo pale kwenye kona, mistari miwili inapokutana, mmoja unampa mshambuliaji trai na mwengine unamnyang'anya. Tarehe 20 Oktoba 2007 kule Stade de France, fainali ya Kombe la Dunia, Mark Cueto wa Uingereza alijirusha kwenye kona ya kushoto na kuuweka mpira chini vizuri kabisa. Afrika Kusini walikuwa mbele 9 kwa 3. Refa Alain Rolland alimuuliza mwamuzi wa video, Stuart Dickinson, na baada ya kuzirudia picha kwa muda mrefu jibu likaja kuwa si trai. Danie Rossouw alikuwa amemsukuma, na mguu wa Cueto uligusa mstari wa pembeni kabla mpira haujagusa chini. Afrika Kusini walishinda 15 kwa 6. Huwaambia marefa wanaoanza kuwa kwenye kona macho yaanzie miguuni, mpira baadaye. Mpira utaonekana tu, lakini mguu ukishanyanyuka hauachi ushahidi. Kibendera cha kona chenyewe kisiwababaishe. Mchezaji akikigusa au akakiangusha hajatoka, maadamu hajagusa mstari wala ardhi ya nje.

Hoja ya pili ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Ni kweli kwamba mchezaji aliyekabwa, yaani aliyeshikwa na mpinzani akaangushwa chini, hana ruhusa ya kuendelea na mpira kama kwamba hakuna kilichotokea. Anatakiwa autoe papo hapo: aupasie, ausukume, au auweke chini. Lakini sheria haimwambii auweke upande gani. Akiwa mstari wa goli uko ndani ya urefu wa mkono wake, ana haki ya kunyoosha mkono na kuuweka mpira pale. Sheria imelitaja jambo hili waziwazi. Sharti ni moja tu, afanye papo hapo.

Anachokatazwa ni kuanguka, kutulia, kisha kujivuta kwa viwiko au magoti kama mtu anayetambaa, au kujaribu mara ya kwanza, akashindwa, akajipa mara ya pili. Hiyo ni adhabu dhidi yake, tena si ya kubahatisha. Maneno "harakati mbili" ambayo vijana wanayasikia kwenye matangazo yanatoka kwenye raga ya wachezaji 13, mchezo mwengine wenye sheria zake. Katika raga yetu, ya 15 au ya saba, maneno hayo hayamo katika sheria. Lililomo ni "papo hapo".

Refa anapimaje? Mimi hutizama kifua. Kifua kikishatua ardhini na kikabaki pale pale, na kilichosogea ni mkono tu, namwacha amalize. Kifua kikinyanyuka tena kutafuta nafasi, napiga filimbi. Na kuna jambo ambalo huku kwetu wakati wa masika ni la kila mechi: mchezaji anakabwa mita mbili nje, nyasi zimelowa, kasi yake inamburura mpaka ndani ya eneo la goli akiwa kashikwa. Hiyo ni trai safi. Kasi yake mwenyewe ndiyo iliyompeleka, hakufanya harakati nyengine. Tena kama ameanguka peke yake bila kushikwa na mtu, hakuna kukabwa hapo. Anaweza kuinuka na mpira wake akaenda zake.

Kwa maelezo yako, Mwalimu, kijana wenu "akaanguka, akanyoosha mkono". Kama vitu hivyo viwili vilifuatana bila kituo, hoja ya pili imekufa.

Sasa tuje kwenye mkono wa beki, na hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo trai nyingi za mstarini zinapopatikana na zinapopotea.

Kuna njia mbili za kuuweka mpira chini kwa trai. Ya kwanza ni mpira ulioshikwa, kwa mkono mmoja au miwili. Huo unatakiwa kugusa ardhi tu. Watu wengi husema lazima uukandamize, na si kweli. Ukiwa umeushika, mguso mwepesi unatosha. Ya pili ni mpira ambao tayari uko chini na haujashikwa. Huo ndio unaotaka mgandamizo, na mgandamizo huo unaweza kuwa wa kiganja, wa mkono, au wa mbele ya mwili kuanzia kiunoni hadi shingoni. Mtu akiulalia kwa kifua, ni trai. Akiukandamiza kwa goti, si kitu.

Kijana wenu alikuwa kaushika, kwa hiyo swali ni moja tu: mpira uligusa ardhi? Kama ulikaa wote juu ya mkono wa beki, haukugusa, na hakuna trai. Lakini mpira wa raga si wa duara. Una urefu wa sentimita 28 hadi 30, umechongoka huku na huku, na mkono wa mtu ni mwembamba. Fanya jaribio hili na vijana wako. Mmoja alale chini, aweke kiganja chini ya tumbo la mpira. Mwengine aushike mpira kwa juu kama anayetaka kufunga. Kisha chukua karatasi ya daftari ujaribu kuipitisha chini ya ncha ya mbele. Mpira ukilala sawa, karatasi inapita huku na huku. Mwenye mpira akikunja kifundo cha mkono kidogo tu, ncha inashuka na karatasi inanasa. Kiganja cha beki kiko pale pale chini ya mpira, kila mtu anakiona, na bado ni trai. Ndiyo maana "mkono wake ulikuwa chini ya mpira" si jibu. Mkono unaweza kuwa chini na ncha ikawa imegusa.

Na hapa wenzenu waangalie hoja yao isije ikawageukia. Mshambuliaji aliyekabwa anaponyoosha mkono kufunga, sheria inawaruhusu mabeki walio juu ya miguu yao waupokonye mpira mikononi mwake. Hawaruhusiwi kuupiga teke. Na beki aliyelala chini, kwa kawaida ya raga, hayumo mchezoni. Kama ndiye aliyekaba, alitakiwa aachie mara tu walipofika chini. Mkono ulioingia chini ya mpira katika mwendo ule ule wa kuanguka, marefa wengi huuacha, na mimi pia naona ni sawa kuuacha, maana mtu hawezi kuanguka huku mikono kaifunga nyuma. Lakini beki aliyekwisha kutua, kisha akageuka na kuchomeka mkono ili kuuzuia mpira, amefanya kosa. Na kosa linalozuia trai ambayo kwa uwezekano mkubwa ingefungwa lina malipo yake: trai ya adhabu. Tangu 2017 hiyo ina pointi saba moja kwa moja, bila mkwaju wa nyongeza, na aliyefanya kosa anapewa kadi, njano au nyekundu. Trai ya kawaida ina pointi tano. Kwa hiyo wakisisitiza kwamba beki wao, akiwa amelala, aliuzuia mpira kwa makusudi, wanaomba wafungwe saba badala ya tano.

Hoja tatu nimezimaliza, na mpaka hapa kijana wenu anaonekana ana haki. Lakini sijasema ilikuwa trai. Sijasema kwa sababu hakuna katika maelezo yako mtu aliyeuona mpira ukigusa ardhi. Wewe hukusema umeuona. Wenzenu wanasema walimwona beki. Refa alikuwa nyuma ya wachezaji, na mtu aliye nyuma ya wachezaji anaona migongo, makalio na soli za viatu.

Refa hatoi trai ambayo hakuiona. Hatoi kwa sababu mshambuliaji kashangilia, wala kwa sababu "lazima itakuwa imefika". Kama hakuiona ikigusa, kwake haikugusa, na hilo si uonevu kwa washambuliaji. Ndiyo kanuni pekee ambayo timu zote mbili zinaweza kuishi nayo. Kuna mahali pamoja ambapo shaka inawasaidia washambuliaji: mpira unapokuwa umewekwa chini ndani ya eneo la goli na haijulikani ni mshambuliaji au beki aliyetangulia kuugusisha. Hapo inapigwa skramu, yaani wachezaji wa timu mbili wanashikana na kusukumana kugombea mpira, mita tano kutoka mstari wa goli, na washambuliaji ndio wanaoingiza mpira. Lakini hapo hakuna shaka kwamba mpira ulifika chini, shaka ni ya nani. Katika kesi yenu shaka ni kama ulifika kabisa, na hilo ni jambo jengine. Mshambuliaji akizuiwa ndani ya eneo la goli asiweze kuuweka mpira chini, zamani ilikuwa skramu ya mita tano kwa washambuliaji. Tangu majaribio ya 2021, katika raga ya wachezaji 15, mabeki wanaanza upya kwa kuudondosha mpira na kuupiga kutoka mstari wao wa goli.

Kwa hiyo mstarini mahali pa refa kusimama ni nusu ya uamuzi. Kisa cha zamani kuliko vyote kinasema hivyo hivyo. Tarehe 16 Disemba 1905, kule Cardiff, New Zealand walicheza na Wales. Wales walikuwa mbele 3 kwa 0. Bob Deans alikimbia mpaka mstarini, akakabwa, akasema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba aliuweka mpira ndani na kwamba alivutwa kurudishwa nyuma kabla refa hajafika. Refa, John Dallas wa Scotland, alipofika alimkuta na mpira upande wa kiwanjani. Hakutoa trai. Ikawa mechi pekee waliyopoteza New Zealand katika ziara yote ile, na watu wa nchi hizo mbili wanaibishania mpaka leo, zaidi ya miaka 100 baadaye. Mimi naona Dallas alifanya jambo sahihi kwa alichokiona. Tatizo ni kwamba alichelewa kukiona.

Refa wenu afanye nini, basi? Mchezo ukishafika mita tano, aache kuufuata mpira, autangulie. Aende kwenye mstari wa goli, asimame pembeni ya rundo la wachezaji, atizame kando ya mstari kutoka upande mmoja kwenda wa pili, si kutoka kiwanjani kuelekea golini. Asipite katikati ya watu, azunguke. Mchezaji anapoanza kuanguka, refa naye ashuke, magoti yakunjwe, macho yawe karibu na urefu wa mpira, maana ule mwanya baina ya mpira na nyasi mtu aliyesimama wima hauoni. Awe upande ule ambao mkono wenye mpira uko. Mchezaji akibeba mpira mkono wa kulia huku akikabwa kutoka kushoto, ukiwa kushoto kwake utaona bega tu.

Na filimbi ikae mbali na mdomo. Marefa wengi vijana hupiga filimbi mara tu rundo linapoanguka, halafu ndipo waanze kutafuta mpira. Filimbi ikishalia, mchezo umesimama. Kijana aliyekuwa bado ana nusu sekunde ya haki yake ya kunyoosha mkono ameinyimwa, na beki aliyekuwa anaupokonya kihalali naye amenyimwa. Subiri. Uone mpira, uone mkono, uone ardhi, ndipo upulize na kunyanyua mkono juu. Ukiona umezuiwa, ishara ni viganja viwili vyenye nafasi kati yao, kuonesha kwamba baina ya mpira na ardhi palikuwa na kitu. Ishara hiyo ioneshwe wazi mbele ya wachezaji, kwa sababu inaua nusu ya ubishi palepale.

Katika raga ya wachezaji saba mna msaada ambao mechi yenu haikuutumia. Sheria za saba zinaweka waamuzi wawili wa eneo la goli, mmoja kila upande, mbali na wale wa pembeni. Wanasimama huko huko nyuma ya mstari, na refa anaweza kuwauliza. Hahitajiki mtu mwenye vyeti vikubwa. Mchukue mwalimu mwenzako anayeheshimika na pande zote mbili, mfundishe mambo mawili, mguu kwenye mstari wa pembeni na mpira kwenye ardhi, na mwambie aseme alichokiona tu. Mechi ya Wete na Chake Chake ikiwa naye, refa angekwenda kwake hatua chache, wangenong'ona, na mambo yangekwisha kabla wachezaji hawajatoka kiwanjani.

Kuhusu video, nakuomba sana usikubali ikawa hakimu. Imepigwa kutoka nyuma ya goli, na hilo pekee linaeleza wanachokiona. Mpira unapokuwa bado hewani, hata kiganja kimoja juu ya ardhi, jicho linauangusha kwenye nyasi zilizo nyuma yake. Ukitizama kutoka nyuma ya goli, nyasi hizo ni za upande wa kiwanjani, kwa hiyo mpira unaonekana haujafika. Ukitizama kutoka katikati ya kiwanja, nyasi hizo zimo ndani ya eneo la goli, kwa hiyo mpira ule ule, sekunde ile ile, unaonekana umeshavuka. Nadhani watu wenu walikuwa katikati na wao walikuwa nyuma ya goli. Kila upande unaapa kwa kweli ya macho yake, na hakuna aliyedanganya. Aliye sawasawa na mstari peke yake ndiye anayeuona mpira mahali ulipo.

Kuna na jambo la kasi. Simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita saba kwa sekunde, mwendo wa kawaida kwa kijana mwenye mbio, husogea sentimita 23 hivi kati ya picha moja na inayofuata. Huo ni karibu urefu mzima wa mpira. Wanaposimamisha video wakasema "hapa bado", na picha inayofuata mkono umekwishafunikwa na watu, mguso wenyewe unaweza kuwa umetokea baina ya picha hizo mbili, mahali ambapo simu haikupiga kitu.

Hata wenye kamera nyingi hukwama. Tarehe 10 Februari 2024, uwanja wa Murrayfield, Edinburgh, Ufaransa walikuwa mbele ya Scotland 20 kwa 16, sekunde za mwisho kabisa. Sam Skinner wa Scotland akasukumwa na wenzake mpaka ndani ya eneo la goli, mpira ukaangukia mguu wa mchezaji wa Ufaransa. Refa Nic Berry aliamua pale pale kwamba haikuwa trai, mpira umezuiwa, kisha akaomba video iangaliwe. Utaratibu wa waamuzi wa video unamtaka refa atoe uamuzi wake kwanza, na video inaubadilisha tu ikiwa na ushahidi ulio wazi. Picha zikarudiwa na kurudiwa. Kuna wakati ilionekana kama mpira umeteleza kutoka kwenye kiatu mpaka kwenye nyasi. Mwisho mwamuzi wa video hakupata picha iliyo wazi ya kutengua, uamuzi wa kiwanjani ukabaki, Scotland wakapoteza. Wengi walilalamika, na mimi nilipoitizama niliamini mpira ulifika chini. Lakini utaratibu ulifuatwa: refa alisema alichokiona, na hapakupatikana picha ya kumkanusha. Kama Berry angeanza kwa kusema "trai", picha zile zile zisingeweza kumtengua, na Scotland wangeshinda. Uone uzito wa alichokiona refa kwa macho yake, hata pale penye kamera kila pembe. Pemba hatuna hizo kamera, kwa hiyo uzito wote umo katika hatua zake kumi za kufika mstarini mapema.

Hukumu yangu, Mwalimu, ni hii. Kisheria hakuna hata moja kati ya hoja tatu za wenzenu inayoiangusha trai ile. Lakini refa wenu, kwa mahali alipokuwa, hakuwa na haki ya kuitoa, isipokuwa kama aliuona mpira kwa njia ambayo hukunieleza. Muulizeni kwa adabu, faragha, si mbele ya vijana: "Uliuona ukigusa?" Akisema ndiyo, na aseme aliuonea wapi, basi yamekwisha. Akisema alikisia, ushindi ni wenu kwa karatasi, na nyinyi watu wazima mtajua la kuwaambia vijana wa Chake Chake.

Limebaki la mstari wenyewe. Nimeona viwanja vyetu vinachorwa kwa chokaa ya kujengea, hii inayochomwa kwa mawe ya matumbawe, kwa sababu ni rahisi na inang'aa. Kwa kandanda watu wamezoea. Kwa raga msifanye hivyo hata siku moja. Huu ni mchezo ambao kijana anajirusha kwa uso kwenye mstari akiwa na jasho, na chokaa ikikutana na maji huunguza ngozi na inaweza kuharibu jicho. Tumieni rangi nyeupe ya maji au unga wa chaki. Msiweke kamba pia, hata ikivutwa vipi, kwa sababu inanasa miguu na ikisogea hakuna ajuaye mstari ulikuwa wapi. Upana uwe wa kiganja, na kwa kuwa viwanja vyetu vimepimwa kwa kandanda, mstari wa goli wa raga usogezeni mbele ya milingoti ikiwa nyuma yake kuna ukuta au mtaro, ili anayeteleza awe na mita za kutosha za kusimama. Mstari ukifutika kipindi cha kwanza, upakeni upya wakati wa mapumziko. Katika raga ya saba mapumziko hayazidi dakika mbili, kwa hiyo ndoo na brashi ziwe zimeshawekwa tayari nyuma ya goli kabla mechi haijaanza.